Kusoma mikataba na sheria za majengo kwa mtihani wa BORAQS, kwa sisi wa Kisumu na huku magharibi

Kama umemaliza digrii ya usanifu, uko kwa ofisi Kisumu ama Kakamega unajaza logbook na sasa mtihani wa BORAQS, ile bodi inayosajili wasanifu na wakadiriaji wa gharama za ujenzi, unakaribia, najua kitu inakunyima usingizi si kuchora. Ni mikataba na sheria. Na shida kubwa naona ni watu kukariri namba za vifungu usiku, bila kuuliza hicho kifungu kinasaidia nani siku mambo yakiharibika saiti.

Anza na JBC, ule mkataba wa ujenzi wa 1999 kati ya mwenye jengo na kontrakta, juu majengo mengi ya watu binafsi huku kwetu yanajengwa nao. Usiusome ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Chukua daftari uchore safu nne: nini kimetokea, nani anafaa kuandika barua, anamwandikia nani, ana siku ngapi. Kila kifungu unachosoma kijaze hapo, na kikikataa kuingia mara nyingi ni vile bado hujakielewa, kirudie.

Sasa jipe kisa cha hapa hapa. Sema kuna jengo Mamboleo, ni mwezi wa nne, mvua imenyesha mitaro ya msingi ikajaa maji na ule udongo mweusi wa pamba umefura, kontrakta anakuletea barua anataka aongezewe muda na pia alipwe hasara ya kukaa bure. Utajibu aje? Kwanza angalia kama alitoa notisi mapema ama amekumbuka wakati kazi imeshachelewa. Pili, je, mvua hii ilikuwa kali kuliko kawaida? Kisumu mwezi wa nne hunyesha kila mwaka na kontrakta alijua hivyo akiweka bei, kwa hivyo itisha rekodi za idara ya hali ya hewa na ile dayari ya saiti, usikubali maneno matupu. Ikionekana kweli ilipita kiasi, muda anapata, lakini pesa hapati, juu mvua si kosa la mwenye jengo. Halafu geuza kisa: mitaro ilikaa wazi juu wewe ama injinia mlichelewa kutoa michoro ya msingi. Hapo anaweza kudai muda na pesa pia. Ukishaweza kutenganisha hayo mawili bila kufungua kitabu, umeshika sehemu ngumu kabisa ya mkataba, na watahini wanapenda sana kuingilia hapo.

Fanya hivyo hivyo na setifiketi ya kukamilika kwa kazi. Usiandike tu "jengo limeisha". Andika kila kitu inayobadilika siku hiyo: fidia ya kuchelewa inasimama, nusu ya retenshen (pesa ya kontrakta iliyokuwa imezuiliwa) inatoka, muda wa kurekebisha kasoro unaanza kuhesabiwa, na mwenye jengo anachukua jengo lake na hatari zake. Na kumbuka ukisaini setifiketi yoyote wewe si wakili wa klayenti tena, hata kama ndiye anakulipa, lazima uwe sawa kwa pande zote mbili.

FIDIC, ule mkataba wa ujenzi wa kimataifa, isome baadaye kwa kulinganisha tu. Huko kuna injinia mahali JBC iko na msanifu, na kontrakta ana siku 28 za kutoa notisi ya dai tangu ajue kilichotokea. Kazi za serikali nazo zinafuata sheria ya ununuzi ya 2015, usizichanganye na za watu binafsi.

Kwa sheria za majengo, angalia kwanza notsi zenye wakubwa wako walikuachia. Nyingi ni za zile kanuni za 1968, na sai tuko na kanuni mpya za 2024 zilizoanza kutumika Machi 2025. Zenye ziko kwa notsi zako ni gani? Usiendelee kabla ujue.

Halafu toka nje na tepu. Ingia jengo lolote lenye ngazi hapo mjini, omba ruhusa kwa askari wa mlango, pima kimo cha kila kidato, upana wa ngazi, urefu wa reli ya mkono, mteremko wa rampu kama iko, alafu hesabu milango ya kutokea moto ukiwaka. Rudi ufungue kanuni ulinganishe. Kipimo umekikuta na mkono wako hakitoki kichwani. Na hii si ya mtihani peke yake, Huruma, Nairobi, Aprili 2016 jengo lilianguka na watu wakafia ndani, jengo ambalo halingefaa kuwa na mtu.

Vibali navyo vichore kwa mshale ukutani: kaunti chini ya sheria ya mipango ya 2019, NEMA (mamlaka ya mazingira) chini ya ile ya 1999, NCA (mamlaka ya ujenzi) kusajili mradi, ukaguzi, mpaka cheti cha kukaa ndani. Kando ya kila mshale andika nani anasaini na ni nini hakiwezi kuendelea kabla asaini.

Wiki za mwisho tafuta QS (mkadiriaji wa gharama za ujenzi) mmoja mnayefahamiana mkae Jumamosi. Yeye acheze kontrakta akuandikie barua za madai, wewe ujibu kwa kalamu, saa ikienda, kila jibu na kifungu chake. Mkimaliza mbadilishane, juu ukidai wewe mwenyewe ndio unaona mahali mkataba unavuja.