Kufufua TV-7, mashine ya kupimia valvu (zile taa za glasi za redio za zamani)

TV-7 ilitengenezwa kwa jeshi la Marekani, nayo hula volti 115. Kwetu umeme ni 230, kwa hiyo usiichomeke bila transfoma ya kushusha.

Anza na balbu ndogo namba 81. Hiyo ndiyo fyuzi yake. Ikiwaka kwa nguvu wakati hujachomeka valvu ya kupima, kuna shoti ndani, zima upesi. Yangu iliwaka hivyo, nikakuta waya ulioliwa na panya unagusa chasisi.

Valvu namba 83 iliyo ndani ya mashine ina zebaki. Iache ipate moto dakika kadhaa kabla ya kupima. Mwanga wake wa buluu ni dalili njema. Ikivunjika, usifagie! Toka, fungua madirisha.

Soketi na swichi zisafishe kwa spiriti na mswaki laini. Rezista za kaboni (vipande vya kuzuia umeme) huzeeka kwa kupanda thamani: ya omu 150 niliyoing'oa ilisoma 190.

Kusawazisha vipimo vya mashine, tumia mita ya mshale ya omu 1000 kwa volti. Volti za TV-7 hazichujwi na kapasita (kifaa cha kutuliza mawimbi ya umeme), hivyo mita ya dijitali itakupa namba tofauti na za kitabu cha TV-7.