Kupiga picha za jioni kwa lenzi ya bei nafuu ya kufokasi kwa mkono

Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.2 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga mwingi huingia), ambayo pete yake ya fokasi huzungushwa kwa mkono, hupatikana siku hizi kwa sehemu ndogo ya bei ya lenzi ya otomatiki yenye tundu kama hilo. TTArtisan ni miongoni mwa watengenezaji wake wanaojulikana. Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba imetengenezwa kwa ajili ya mdomo wa kamera yako isiyo na kioo, iwe ni Sony E, Fujifilm X, Canon RF au Nikon Z.

Ukiifunga mara ya kwanza, huenda kamera ikakataa kabisa kupiga. Lenzi haina hitilafu: kwa kuwa haina viunganishi vya umeme, kamera hudhani kwamba hakuna lenzi yoyote mbele yake, hivyo ingia kwenye menyu uruhusu shata, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga, ifyatuke bila lenzi. Ikiwa kamera ina kituliza mtikisiko ndani yake, iandikie pia urefu wa fokasi wa milimita 50. Kisha chagua hali ya A, au Av kwa Canon, ambapo wewe unazungusha pete ya tundu nayo kamera inapima mwanga na kujichagulia kasi ya shata.

Kazi yenyewe iko kwenye fokasi. Kwa kamera ya APS-C, yaani yenye kihisi kidogo kuliko cha fremu kamili, ukisimama mita 1 kutoka kwa mtu na tundu likiwa f/1.2, eneo lililo katika fokasi lina kina cha takribani sentimita 2 tu. Jioni moja ufukweni Dunga, Kisumu, nilimpiga picha mama aliyekuwa akigeuza ngege kwenye karai la mafuta, na kwenye skrini ya kamera nikaridhika nayo. Nilipoifungua kwenye kompyuta, ncha ya pua ilionekana hadi vinyweleo, ilhali macho yalikuwa yamefifia. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilitegemea ile rangi nyekundu ambayo kamera hupaka kwenye kingo za kitu kilicho katika fokasi. Rangi hiyo ni mwongozo wa haraka, lakini tundu likiwa wazi sana huenea kupita eneo lililo katika fokasi kwa kweli.

Tumia rangi hiyo kukaribia tu, halafu bonyeza kitufe cha kukuza picha na ulenge jicho lililo karibu nawe. Zungusha pete hadi kope zionekane, zipite kidogo, kisha uzirudie. Kuanzia hapo usiiguse pete tena. Egemea mbele au nyuma kwa kiwiliwili chako na upige picha tatu au nne mfululizo. Mimi naona njia hii ni bora kuliko kuhangaika na pete kila mtu anapopumua. Kwa wavuvi wanaovuta mashua, lenga mapema mahali watakapopita, punguza tundu hadi f/2.8, usubiri wafike. Baadhi ya lenzi hizi huhamisha fokasi kidogo tundu linapopunguzwa, kwa hiyo punguza tundu kwanza ndipo ufokasi.

Mchana tatizo hugeuka. Kwenye jua kali, f/1.2 na ISO 100 (ISO ni kiwango cha wepesi wa kamera kwa mwanga) huhitaji kasi inayozidi 1/16000 ya sekunde, ilhali shata ya kawaida katika kamera nyingi za bei nafuu huishia 1/4000. Shata ya kielektroniki huweza kufika huko, ila magurudumu ya bodaboda inayopita yanaweza kupinda. Kichujio cheusi cha ND8, kinachopunguza mwanga mara nane, ni salama zaidi.

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na jua likishatua giza haliweki miadi. Weka ISO ya otomatiki yenye kasi ya chini kabisa ya 1/125, maana kamera isiyojua urefu wa fokasi wa lenzi inaweza kushuka hadi kasi ambayo mkono hauihimili.

Mwisho, jaribu alama ya umbali usio na kikomo kwa kulenga ukingo wa milima ya Nandi siku yenye anga safi. Mara nyingi milima huwa wazi kabla pete haijafika mwisho wake. Bandika kipande chembamba cha utepe mweupe hapo, ili usiku ukipapase kwa kidole.