Somo: Kufunga sola nyumbani kabla joto halijaanza, ili bili ishuke kweli

Wengi huanza na swali la paneli ngapi. Mimi pia nilianza hivyo, na mwaka wa kwanza bili yangu ilishuka kidogo mno ukilinganisha na fedha nilizotoa. Paneli zilikuwa nzima na fundi alifanya kazi safi. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa natoka asubuhi, nyumba inabaki na friji tu, jua linapiga bure. Jioni narudi, nawasha kila kitu, na mita inakwenda kama zamani. Ndiyo maana somo hili linaanzia kwenye mita, paa litafuata.

Hatua ya 1: Isome mita kwa wiki nzima

Kwa siku saba andika namba ya mita mara mbili, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Kama unalipia kabla, andika uniti zilizobaki, na siku ukiongeza umeme andika umeongeza ngapi. Mwisho wa wiki utakuwa na mafungu mawili: uniti za mchana na uniti za usiku. Kumbuka uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja.

Tuchukue nyumba inayotumia uniti 300 kwa mwezi, yaani 10 kwa siku. Tuseme 4 ni za mchana na 6 za usiku. Kama huna betri, na shirika la umeme halipokei umeme wako wa ziada, sola yako itagusa zile 4 tu. Ukifunga paneli za kuzalisha 10, zile 6 zinapotea.

Kuna mtego hapa. Unapima kabla ya joto, na joto lenyewe ndilo litakalokula umeme. Toa bili za miezi ya joto ya mwaka jana uone zilipanda kwa uniti ngapi. Feni ya dari hula wati 50 hadi 75, lakini kiyoyozi cha chumba kinaweza kufika wati 1,000 na zaidi kikiwa kinavuta kwa nguvu zote. Kikiwaka mchana, hicho ni chakula kizuri cha sola. Kikiwaka usiku tu, sola haikijui.

Hatua ya 2: Hamisha kazi ziende mchana

Hii haina gharama, na watu wengi huiruka. Pampu ya maji, mashine ya kufulia, pasi na hita ya maji vyote vinaweza kufanya kazi kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Kama mchana hakuna mtu nyumbani, funga taima kwenye hita na pampu. Usiwashe vyote kwa pamoja. Paneli zikitoa wati 1,500 na wewe ukawasha vya wati 3,500, zinazozidi zinatoka kwenye gridi, yaani nyaya za shirika la umeme. Kimoja kikimaliza ndipo kingine kianze.

Katika mfano wetu, nyumba ikihamisha uniti 2 kutoka usiku, mchana unakuwa 6. Sasa tunaweza kuzungumzia paneli.

Hatua ya 3: Hesabu

Chukua uniti za mchana, gawanya kwa saa za jua kamili, kisha gawanya tena kwa 0.75. Saa ya jua kamili maana yake ni saa moja ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Katika msimu wa jua, sehemu nyingi hupata kati ya saa 4 na 6 za namna hiyo kwa siku, ingawa jua lenyewe huonekana kwa saa 12 hivi. Ile 0.75 ni ya kile kinachopotea kwa vumbi, joto, waya na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa ukutani.

Kwa hiyo, tukichukua saa 5: 6 ÷ 5 ÷ 0.75 = 1.6, yaani kilowati 1.6. Paneli nne za wati 450 ni kilowati 1.8. Zinatosha.

Kuhusu joto, kuna imani kwamba jua likiwa kali sana umeme nao unakuwa mwingi sana. Paneli inapenda mwanga, haipendi joto. Wati zilizoandikwa mgongoni mwake zimepimwa seli zikiwa nyuzi 25. Juu ya bati, mchana wa joto, seli hufika nyuzi 65 bila shida, na kila nyuzi moja inayozidi hupunguza nguvu kwa asilimia 0.35 hivi. Nyuzi 40 za ziada ni asilimia 14. Paneli ya 450 inabaki na wati 387. Ukiona hivyo usimlaumu aliyekuuzia.

Hatua ya 4: Paa na mwelekeo

Paneli moja ina uzito wa kilo 20 hadi 25 na itakaa juu kwa miaka 25 au zaidi. Kama bati limeanza kutoboka au kenchi zimeliwa na mchwa, tengeneza paa kwanza. Kushusha paneli ili ubadilishe bati ni kulipa fundi mara mbili.

Ukiwa kaskazini ya ikweta, paneli huelekezwa kusini. Ukiwa kusini yake, huelekezwa kaskazini. Karibu na ikweta mwelekeo hauna uzito sana, mradi mwinamo usipungue nyuzi 10 hivi ili mvua iweze kuosha vumbi. Hayo ndiyo utakayoambiwa na kila fundi. Langu mimi ni hili: kama joto la nyumba yako linazidi alasiri na ndipo kiyoyozi kinapowaka, usidharau upande wa magharibi. Jumla ya siku inaweza kupungua kidogo, ila umeme unakuja saa unayouhitaji.

Halafu kaa na jengo lako siku moja uangalie vivuli saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 jioni. Mti, tanki, antena, ukuta wa jirani. Jirani akiwa na mpango wa kuongeza ghorofa, muulize mapema.

Hatua ya 5: Kibali na mita

Ingawa nimeiandika ya tano, anza kuifuatilia siku ileile unayoanza kusoma mita. Kuunganisha sola na gridi kwa kawaida kunahitaji ruhusa ya shirika la umeme, ukaguzi, na mara nyingi mita ya pande mbili inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka. Kufunga paneli nne ni kazi ya siku moja au mbili. Makaratasi yanaweza kula wiki. Anayesubiri joto lianze ndipo aombe, atapata ruhusa joto limeshapita.

Uliza maswali mawili: umeme wa ziada unapokelewa? Na unahesabiwaje, uniti kwa uniti au kwa bei ya chini? Jibu likiwa uniti kwa uniti, hesabu ya hatua ya 3 inabadilika, unaweza kufunga za kutosha uniti zote za siku.

Hatua ya 6: Kufunga

Waya zote mwachie fundi umeme mwenye leseni. Wewe simamia, na ujue cha kuangalia.

Reli zishikwe kwenye kenchi au papi. Bati peke yake halishiki kitu upepo ukija. Tundu litobolewe kwenye mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde linapopita maji, na kila bolti iwe na mpira wake. Acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya paneli na bati ili hewa ipite. Nafasi hiyo inarudisha sehemu ya zile wati tulizozililia, na kivuli cha paneli kinapoza chumba kilicho chini yake.

Waya uwe ule wa sola wenye ganda mara mbili, wa milimita za mraba 4 au 6, na usilale juu ya bati. Konekta za pande mbili ziwe za mtengenezaji mmoja. Zinaweza kuingiana vizuri kwa macho na bado zikaja kuungua baadaye.

Hapa nitakaa kidogo. Umeme wa paneli ni wa DC, unaokwenda upande mmoja tu, na si kama ule wa ukutani. Wa ukutani hushuka hadi sifuri mara nyingi kila sekunde, kwa hiyo cheche yake hukatika upesi. Wa DC haushuki, cheche yake ikianza inaendelea kuwaka. Ndiyo sababu sakiti breka za upande wa paneli lazima ziwe za DC, na ndiyo sababu huchomoi konekta wakati mzigo unavuta. Paneli pia haina swichi ya kuizima: pakiwa na mwanga, ina umeme.

Kwa wanaounga paneli nyingi mfululizo, jihadharini na asubuhi za baridi. Volti za paneli hupanda baridi ikizidi. Paneli kumi za volti 49 ni volti 490, na inveta yenye kikomo cha 500 inaonekana iko salama. Seli zikishuka hadi nyuzi 5, zilezile zinakaribia 516. Inveta inakufa alfajiri na fundi hapokei simu. Wenye paneli chache, kama nne zetu, shida yao ni kinyume: mchana wa joto volti hushuka, kwa hiyo angalia kiwango cha chini ambacho inveta inahitaji ili ifanye kazi.

Inveta yenyewe ifungwe kivulini, mahali penye hewa. Ukutani upande wa jua la jioni itapunguza kazi yenyewe kila siku ili isiungue.

Hatua ya 7: Kuwasha

Kabla ya kuunganisha inveta, fundi apime volti za mstari mzima. Paneli nne za volti 49 zikupe karibu 196, pungufu kidogo kukiwa na joto. Ukiona 147, paneli moja haijaunganishwa. Ukiona alama ya kutoa mbele ya namba, chanya na hasi zimebadilishana, usiwashe. Baada ya hapo fuata mpangilio wa kitabu cha inveta, kisha rudia kusoma mita kwa siku saba kama mwanzo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Umeme wa gridi ukikatika mchana, jua linawaka, kwa nini sola yangu nayo inazima?

Jibu: Inveta ya gridi imetengenezwa ijizime gridi ikipotea, ili isisukume umeme kwenye nyaya ambazo mafundi wanazishika wakidhani ni mfu. Ukitaka taa wakati wa kukatika, unahitaji inveta ya haibridi, yaani inayofanya kazi na gridi na betri pia, yenye betri na njia yake ya dharura.

Swali: Nimefunga miezi mitatu sasa. Bili haijashuka, imepanda! Nimeibiwa?

Jibu: Pole, ndugu. Fanya jaribio hili: saa 6 mchana zima kila kitu ndani, acha sola ikizalisha, utazame mita. Mita nyingine za kidijitali, kama hazijawekwa kwa pande mbili, huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeingia. Ikiwa inasonga, unalipia jua lako mwenyewe. Mwambie fundi aweke kihisi cha mkondo kinachozuia inveta isitoe ziada, hadi ubadilishiwe mita. Kama haisongi, rudi kwenye mafungu ya mchana na usiku. Huenda joto limekufanya uwashe kiyoyozi usiku kucha.

Swali: Mwalimu, tanki langu la maji linatia kivuli paneli moja kati ya sita kuanzia saa 9 alasiri. Moja tu. Ina madhara kweli?

Jibu: Inayo. Paneli nyingi zina diodi tatu, kila moja inalinda theluthi ya seli. Kivuli kikigusa kona, unaweza kupoteza theluthi au paneli nzima, na zikiwa mfululizo na inveta ikashindwa kupata kiwango kizuri, hata nyingine zitapungua. Hamisha tanki ikiwezekana. Ikishindikana, tumia optimaiza (kifaa kidogo kinachofanya kila paneli ijitegemee) au inveta ndogo kwa kila paneli.

Swali: Mimi uniti zangu karibu zote ni za usiku. Betri ya ukubwa gani?

Jibu: Tuseme unataka kufunika uniti 4 za usiku. Lithiamu unaweza kuitumia hadi asilimia 80, kwa hiyo betri ya uniti 5. Ya asidi usiivushe asilimia 50 kama unataka idumu, kwa hiyo 8. Na usisahau paneli za kuijaza mchana. Kama lengo ni bili peke yake, piga hesabu bila huruma. Betri ndiyo inayorefusha muda wa kurudisha fedha zako.

Swali: Naweza kuanza na paneli mbili, nikaongeza mwakani?

Jibu: Unaweza, lakini nunua inveta yenye nafasi, na uhakikishe paneli mbili zinafikisha volti za kuiwasha. Andika pia modeli. Mwakani ukiongeza yenye mkondo mdogo kwenye mstari mmoja, nyingine zote zinashuka kuifuata.

Swali: Fundi wangu anasema athi (waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini) haina haja, fremu si imeshikana na bati?

Jibu: Tafuta fundi mwingine, dada.

Swali: Naosha paneli mara ngapi?

Jibu: Angalia inveta. Siku mbili za jua linalofanana, uzalishaji ukiwa umeshuka wazi, ni vumbi. Osha alfajiri kwa maji matupu na kitambaa laini, kioo kikiwa bado baridi. Maji baridi juu ya kioo cha mchana yanaweza kukipasua.