Pasipoti Ikipotea Nairobi: Tafuta Nambari Kabla ya Foleni

Pasipoti ikikosekana, miguu ya wengi hujipeleka yenyewe Nyayo House, ofisi ya uhamiaji. Ukifika kaunta utaulizwa abstrakti ya polisi (karatasi ya kuthibitisha kwamba umeripoti), hati ya kiapo na risiti ya malipo, na ukikosa kimoja unarudi ulikotoka. Nyayo House huja mwisho. Kabla yake kuna karatasi tatu au nne, kila moja ikinakili maelezo ya ile iliyoitangulia. Nambari ya pasipoti ikikosewa kituo cha polisi, kosa hilo litaingia kwenye kiapo, kisha kwenye fomu, na atakayeligundua ni ofisa wa uhamiaji wakati tayari umelipa.

Kwanza, hakikisha kweli imepotea. Kama imeibwa, umepokonywa mkoba au gari limevunjwa kioo, ripoti siku hiyohiyo. Kama hukumbuki ulipoiacha, jipe siku moja ya kuitafuta kwa utaratibu, kwa sababu ukisharipoti hakuna kurudi nyuma: pasipoti hiyo huhesabika kuwa batili hata ukiipata kesho yake chini ya godoro. Pa kwanza kupiga simu ni saiba ulikotoa nakala mara ya mwisho. Pasipoti nyingi husahaulika chini ya kifuniko cha mashine ya fotokopi: mtu huchukua nakala zake, hulipa, huondoka, na ile halisi hubaki imelala kifudifudi kwenye kioo. Baada ya hapo piga kwa wakala wa tiketi, duka la kubadilisha fedha, ofisi ya viza na hoteli. Ikiwa ulikuwa kwenye matatu, ulizia ofisi ya sacco ya ruti hiyo ukitaja saa na steji uliyoshukia. Nambari ya gari ukiwa nayo ni bora zaidi.

Ukipigiwa na mtu anayedai ameiokota na anataka "kitu kidogo cha nauli" kwa M-Pesa kwanza, mwombe akusomee nambari ya pasipoti na tarehe ya kwisha. Aliyenayo mkononi atakusomea. Matapeli hupata jina na simu yako kwenye tangazo ulilobandika au kulisambaza, lakini ile nambari hawana. Kwa hiyo usiiandike kwenye tangazo lolote.

Nambari yenyewe utaipata wapi

Tafuta kwenye picha za simu, barua pepe ulizotuma ukiomba viza au kazi, fomu za benki, faili lako kazini na tiketi za ndege za kimataifa ulizokata zamani. Unachohitaji ni nambari, tarehe ya kutolewa na tarehe ya kwisha.

Kama nakala uliyonayo imefifia, tazama mistari miwili ya herufi na alama za < iliyo chini ya ukurasa wenye picha. Kila mstari una nafasi 44. Mstari wa pili ndio wenye kazi: nafasi tisa za mwanzo ni nambari ya pasipoti, na tarakimu ya kumi ni ya ukaguzi wa mashine. Hapo ndipo watu huteleza. Huandika zote kumi, wakapeleka polisi nambari ambayo haipo duniani. Pasipoti ya kielektroniki ya Kenya, ile ya samawati iliyoanza kutolewa Septemba 2017, huwa na herufi mbili zikifuatwa na tarakimu, kwa mfano AK na kuendelea. Baada ya tarakimu ya ukaguzi utaona KEN, kisha tarehe ya kuzaliwa ikianza na mwaka (880314 ni tarehe 14 Machi 1988), tarakimu nyingine ya ukaguzi, herufi ya jinsia, na tarehe ya kwisha kwa mpangilio uleule. Kwa hiyo hata nakala iliyokatika juu inaweza kukupa karibu kila kitu, isipokuwa tarehe ya kutolewa. Pasipoti ya mtu mzima hudumu miaka kumi, basi tarehe hiyo unaweza kuikadiria, ila kwenye kiapo usiitaje kama jambo unalolijua kwa hakika.

Polisi

Nenda kituo cha eneo ilikopotelea. Iliyopotea katikati ya jiji huandikishwa Central, kwenye University Way. Ukidhani iliangukia Westlands, nenda Parklands. Kinachotangulia ni kuandikwa kwenye kitabu cha matukio, yaani OB. Utapewa nambari ya OB, na kwa hiyo ndiyo utajaziwa abstrakti. Huduma hii hailipiwi.

Soma abstrakti ukiwa bado umesimama kaunta. Jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi na kwa mpangilio uleule. Nambari ya pasipoti iandikwe; "pasipoti moja ya Kenya" pekee haitoshi. Muhuri uwe unasomeka. Sifuri isigeuke herufi O, maana mwandiko wa haraka haumwachi mtu salama. Kama kitambulisho, leseni na kadi za benki vilienda pamoja, vyote vitajwe kwenye abstrakti hiyo. Kisha itolee nakala tano au sita kabla ya kuipeleka popote, kwa kuwa ofisi fulani zinaweza kubaki na ile halisi.

Kitambulisho kikiwa kimepotea pia, anza nacho. Ombi la pasipoti linahitaji kitambulisho halisi. Kituo cha Huduma cha GPO, kinakoombwa kitambulisho kipya, kiko Kenyatta Avenue, hatua chache kutoka Nyayo House, lakini kadi mpya haitoki siku hiyo, kwa hiyo ipangie muda.

Hati ya kiapo

Hati hii huapwa mbele ya kamishna wa viapo, na mawakili wengi jijini wana mamlaka hayo. Ada yake huwa shilingi mia kadhaa; patana kabla ya kuandikiwa. Epuka fomu zilizopigwa chapa tayari ambazo husema tu "nimepoteza pasipoti yangu". Kiapo kinachosimama hutaja jina na nambari ya kitambulisho, nambari ya pasipoti, siku na mahali ulipoiona mara ya mwisho, jinsi ilivyopotea, jinsi ulivyoitafuta, na nambari ya OB pamoja na kituo. Kiongeze mambo mawili ambayo ofisa huyatafuta: kwamba hukuiuza wala kumpa mtu iwe dhamana, na kwamba ikipatikana utairudisha uhamiaji.

Tarehe nazo zina mpangilio wake. Kiapo kinachotaja abstrakti hakiwezi kuwa cha tarehe iliyotangulia abstrakti hiyo. Nakala ya abstrakti inayoambatishwa ipewe alama ya kielelezo na kupigwa muhuri wa kamishna. Usiibane tu kwa pini nyuma. Na sahihi yako itiwe mbele yake. Karatasi iliyokwisha kutiwa sahihi nyumbani si kiapo, ni barua.

Andika pia barua fupi ya maelezo kwa Mkurugenzi Mkuu wa Uhamiaji, ukurasa mmoja, yenye simulizi ileile ya kiapo. Ileile kabisa: ukisema Jumanne kwenye kiapo na Jumatano kwenye barua, utaketishwa uhojiwe.

eCitizen na malipo

Ombi lenyewe hufanywa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ingia kwa akaunti yako mwenyewe. Wahudumu wa saiba ni wepesi wa kukufungulia akaunti kwa simu yao au barua pepe yao, halafu siku ukitaka kuingia, msimbo unaenda kwa mtu aliyehama mtaa. Kama unahitaji mtu wa kukuchapia, sawa, lakini simu iwe yako na nywila uijue wewe.

Kwenye huduma za uhamiaji chagua ombi la kubadilishiwa pasipoti iliyopotea. Usichague la pasipoti mpya eti kwa kuwa ni nafuu. Mfumo tayari una rekodi yako, ombi litakwama, na fedha zilizolipwa si rahisi kurudishwa. Ada ya iliyopotea ni kubwa kuliko ya kawaida, na utaona kiasi kamili kwenye invoisi kabla ya kulipa. Lipa kwa Paybill 222222 ukiingiza nambari ya akaunti iliyo kwenye invoisi yenyewe. Mtu akikupa nambari nyingine ya "kuharakisha", huyo ni broka.

Utaulizwa unataka kurasa 34, 50 au 66. Kwa anayesafiri mara moja moja, 34 zinatosha. Mfanyabiashara wa mipakani, anayegongewa mihuri kila wiki, atazijaza kabla miaka kumi haijafika.

Ukimaliza, chapisha fomu na nakala tatu za risiti, kisha chagua siku ya miadi. Karatasi zote zipange hivi: fomu na risiti juu, barua, hati ya kiapo, abstrakti halisi, nakala ya pasipoti iliyopotea kama ipo, kitambulisho na cheti cha kuzaliwa vikiwa halisi na nakala zake, nakala za vitambulisho vya wazazi, na ya kitambulisho cha mtu aliyekudhamini kwenye fomu.

Nyayo House, kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, lazima uende mwenyewe, kwa sababu utapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Fika asubuhi, na usivae shati jeupe. Mandhari ya picha nayo ni nyeupe. Anayeomba kwa mara ya pili au ya tatu baada ya kupoteza ajiandae kwa maswali mengi zaidi, na ni haki, kwani pasipoti halisi ina soko lake gizani. Usikate tiketi ya ndege kwa kutegemea tarehe uliyotajiwa kwa mdomo. Subiri ujumbe wa simu.

Kama safari ni ya Uganda au Rwanda, kitambulisho cha taifa kinatosha tangu mwaka 2014, kwa hiyo huna sababu ya kuhaha.

Viza iliyokuwa ndani hupotea pamoja na kitabu. Ripoti kwa ubalozi ulioitoa, ukiambatisha abstrakti. Usidhani nakala ya viza ya Marekani kwenye simu itakuvusha uwanja wa ndege. Viza iliyobandikwa inahitaji ombi jipya.

Ukiipoteza ukiwa nje ya Kenya, mpangilio ni uleule: polisi wa huko kwanza, kisha ubalozi wa Kenya, ambao unaweza kukupa hati ya dharura ya kurudi nyumbani. Hiyo haikuruhusu kuzungukazunguka. Ikiwa mwajiri ndiye aliyeifungia kabatini, jambo ambalo Wakenya walioko Ghuba wanalijua vizuri, pasipoti hiyo haijapotea na usiape kwamba imepotea. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na siku mwajiri atakapoitoa utakuwa wewe ndiye mwongo. Waeleze ubalozi ukweli. Hali ni hiyohiyo kwa aliyeiweka rehani kwa mkopeshaji hapa Nairobi: pasipoti ni mali ya serikali, mkopeshaji hana haki ya kuikalia, na njia ya kuidai ni kupiga ripoti dhidi yake.

Ile ya zamani ikijitokeza baada ya mpya kutoka, ipeleke uhamiaji ukapewe uthibitisho wa kuipokea. Usijaribu kusafiri nayo. Interpol ina hifadhidata ya hati za kusafiria zilizoibwa na kupotea tangu mwaka 2002, na nambari yako ikiwamo, mashine ya mpakani italia mbele ya foleni nzima, nawe utabaki kueleza kwa nini unatumia pasipoti iliyoibwa, yenye picha yako.