Katuni ya Wavuti ya Mikono Mingi: Mchoro Ukae Mbali na Maneno

Mwongozo huu unawafaa wanaotaka kutunga katuni moja kwa pamoja, ambayo msomaji huchagua njia kwa kubofya na ambayo mtu yeyote ana ruhusa ya kuinakili na kuiendeleza. Nimeuandika baada ya kuwasaidia vijana wawili wa Mji wa Kale, Mombasa, mchoraji na mwandishi, ambao kisa chao kinaanzia Mwembe Tayari na kumtaka msomaji aamue iwapo mhusika ataiwahi feri ya Likoni au atageuza arudi nyumbani.

Hatua ya 1: Leseni

Kubalianeni kabla ya kuchora. Napendekeza leseni huria ya Creative Commons BY-SA 4.0, kwa sababu anayeiendeleza kazi hulazimika kuwataja waliomtangulia na kuitoa yake kwa masharti yale yale. Leseni inayokataza biashara siishauri, kwani humfungia hata mwenye kibanda cha uchapaji anayetaka kuuza nakala.

Hatua ya 2: Hifadhi ya Git

Wekeni kazi yote katika hifadhi ya Git, programu inayotunza kila badiliko la mafaili. Kila kisanduku, yaani picha moja ya katuni, kiwe na faili lake la SVG (aina ya faili la mchoro), lililochorwa kwa Inkscape, programu huria ya kuchora. Ijapokuwa SVG ni maandishi, na Git huweza kuunganisha maandishi ya watu tofauti, watu wawili wasishike kisanduku kimoja kwa wakati mmoja, mabadiliko yao yasije yakagongana.

Hatua ya 3: Maneno ndani ya viputo

Hapa ndipo saa nyingi hupotea. Maneno yaliyoandikwa ndani ya mchoro hayajipangi upya yanaporefuka, na ukiyageuza kuwa mistari ya mchoro, mwandishi hawezi tena kusahihisha hata herufi moja bila kumsumbua mchoraji. Kwa hiyo mchoraji aache kiputo kitupu, nayo maneno yakae katika faili la JSON, yaani faili la data lililoandikwa kwa jozi za majina na thamani:

{ "kisanduku": "likoni-03", "x": 12, "y": 8, "upana": 40, "maneno": "Feri ishaondoka, ndugu yangu." }

Namba hizo ni asilimia za kisanduku. JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa na kivinjari, huyasoma maneno na kuyaweka juu ya mchoro kama HTML ya kawaida, mradi kisanduku kimepewa position: relative katika CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa) na mchoro umejaza upana wake wote, vinginevyo maneno yatahama kila skrini inapobadilika. Ukubwa wa herufi upimwe kwa cqw, yaani asilimia ya upana wa kisanduku, na kisanduku kipewe container-type: inline-size. Kipimo cha vw hufuata upana wa dirisha zima, si wa kisanduku, kwa hiyo kwenye skrini pana herufi hufura na kumwagika nje ya kiputo. Viputo navyo viachiwe nafasi ya kutosha, kwa kuwa neno kama "hawatatusubiri" hujaza mstari peke yake.

Ukifungua index.html, ukurasa mkuu wa katuni, kwa kubofya mara mbili, kivinjari hukataa kusoma JSON na viputo hubaki vitupu, nawe utadhani msimbo wako ndio mbovu. Ingia katika folda hiyo kwa terminali, endesha amri python3 -m http.server, kisha fungua localhost:8000 katika kivinjari.

Ikiwa feri yenyewe ndiyo itakayobofywa, SVG iandikwe ndani ya ukurasa, kwani iliyoitwa kwa <img> haipokei mbofyo kwenye sehemu zake za ndani. Hapo tena huzuka balaa jingine: Inkscape hurudia vitambulisho (id) kama "linearGradient1" katika mafaili tofauti, na visanduku vinapokutana ukurasa mmoja, rangi ya bahari ya kisanduku cha kwanza huingia katika anga ya cha tatu. Tanguliza jina la kisanduku mbele ya kila kitambulisho, na mahali pote kinapotajwa.

Hatua ya 4: Chaguo

Kwa kila njia ya msomaji tumieni <button>, kitufe cha HTML, ili hata asiye na kipanya aweze kuchagua. Maktaba kubwa za JavaScript hazihitajiki. Humfukuza mchangiaji mpya kabla hajaanza.

Hatua ya 5: Kuchapisha

GitHub Pages au Codeberg Pages, huduma za kuweka tovuti mtandaoni kutoka hifadhi ya Git, zinatosha. Majina ya mafaili yote yawe kwa herufi ndogo, kwa sababu Windows haitofautishi Likoni.svg na likoni.svg, ilhali kwa seva hayo ni mafaili mawili, na picha haitaonekana.