Somo: jinsi ya kuediti video ya jeti na wimbo bila kuharibu utamu

Wakuu habari zenu. Video nyingi za jeti mtandaoni zinaboa kwa kitu kimoja tu, wimbo umefunguliwa mwanzo mwisho halafu ndege yenyewe huisikii, sasa jeti bila mngurumo si bora uangalie picha tu? Twende kazi.

1. Anza na wimbo, klipu baadaye. Wimbo wa biti 120 kwa dakika, kila biti ni nusu sekunde, kwa hiyo ukiediti kwa fremu 30 kwa sekunde unakata picha kila fremu ya 15 au ya 30 na inakaa kwenye mdundo yenyewe. Halafu sikilizeni maneno jamani. Mtu anasikia "jet" anabandika Leaving on a Jet Plane kwenye jeti za kivita, wakati ule wimbo wa John Denver wa 1966 ni wa mtu anaaga mpenzi wake, weka kwenye ndege ya abiria inayopaa taratibu utaona unavyokaa.

2. Sauti ya ndege. Hapa ndo wengi wanafeli. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, jeti ikiwa kilomita moja kutoka ulipo mngurumo unakufikia kama sekunde 3 baadaye, kwenye simu unaona ndege imeshapita ndo kelele zinaingia. Tenganisha sauti na picha, irudishe sauti nyuma ianze mapema mpaka ikutane na ndege. Ila kama jeti imepita chini chini kwa kasi mimi naacha hivyo hivyo, kimya kwanza halafu kishindo, raha yake haielezeki.

3. Sekunde mbili tatu kabla ya korasi zima wimbo kabisa, acha mngurumo peke yake, korasi iingie pale moto wa nyuma ya injini unapowaka. Ukishindwa hatua zote shika hii.

4. Save, sikiliza kwa earphone na kwa spika ya simu, pandisha.

MASWALI

Swali: Mkuu wimbo nimenunua kwa hela yangu na nimeandika jina la msanii, mbona YouTube wamenidai hakimiliki?
Jibu: Ulinunua kusikiliza, sio kuweka kwenye video. Content ID, yaani mfumo wa YouTube wa kukagua hakimiliki, inautambua wimbo wenyewe, mwenye nao anaamua aizuie video, achukue hela ya matangazo au aangalie tu takwimu. Tumia nyimbo za Audio Library ya hao hao YouTube.

Swali: Lile wingu jeupe linalozunguka jeti ndo inavunja mwendo wa sauti, si ndio?
Jibu: Sio lazima. Presha ya hewa inashuka ghafla, hewa inapoa, mvuke unageuka matone madogo ya maji, ndo hilo wingu. Linatokea hata jeti ikiwa chini ya mwendo wa sauti, hasa hewa ikiwa na unyevu, kwa hiyo usiandike hivyo kwenye kapsheni watakucheka.

Swali: Nimepata klipu kali ya jeti zinatunguana, niitumie?
Jibu: Angalia isije ikawa gemu. Klipu za Arma 3 zimezungushwa sana kama vita vya kweli mpaka watengenezaji wenyewe 2022 wakatoa tamko. Kamera ikitikisika kupita kiasi, usiku, picha mbovu na hakuna hata sauti ya mtu, achana nayo.