Stesheni ya mguu wa kisukari kwenye OSCE, jinsi ya kujiandaa (kwa mnaosoma Mtwara na Lindi)

Wadau mnaosoma uafisa tabibu huku kusini, na nyie manesi pia, kila mtihani wa vitendo (OSCE, ule wa kuzunguka stesheni moja moja kwa dakika zilizopangwa) ukikaribia naona watu wanakesha na moyo, mapafu, kuzalisha, alafu mguu unaachwa mwisho kabisa, mtu anakwambia aah huo nitaupitia asubuhi. Sasa mguu ndo stesheni ambayo maksi zake ziko wazi kuliko nyingine nyingi, inachotaka ni mikono iliyozoea tu, na wanaopoteza pale wanapoteza kwa sababu wameusoma kwenye notsi ila miguu ya watu hawajaishika. Naandika kuhusu mguu wa mgonjwa wa kisukari maana ndo unaopendwa kuwekwa, na ndo utakaokutana nao kazini kila wiki.

Wenzetu Marekani wana madaktari wa miguu kabisa, wanasomea hiyo tu na mtihani wao wa leseni unaitwa APMLE, una sehemu zake za nadharia na uliwahi kuwa na upande wa vitendo ambapo mtahiniwa alikuwa anakutana na wagonjwa wa kuigiza. Kwetu mguu huohuo unaangukia kwa afisa tabibu wa kituo cha afya huko Tandahimba au Liwale, na mgonjwa atakayefika hospitali ya Ligula pale Mtwara au Sokoine pale Lindi amepewa rufaa na mtu kama wewe, mapema au kwa kuchelewa. Kwahiyo usiuchukulie kama stesheni ya kujazia.

Kitu cha kuelewa kwanza: OSCE ilianzishwa na Ronald Harden na wenzake kule Dundee, Uskochi, wakaiandika mwaka 1975, na wazo lenyewe ni kwamba kila mtahiniwa akutane na mgonjwa yuleyule na cheklisti ileile ili asipendelewe mtu. Maana yake msahihishaji hana pa kuweka maksi ya kitu kilichobaki kichwani mwako. Umeangalia katikati ya vidole lakini hukuvitenganisha na hukusema unachokiona, basi hukuangalia. Jizoeze kuongea huku mikono inafanya kazi, mwanzoni utajisikia vibaya ila ndo inavyotakiwa.

Mlangoni soma karatasi mara mbili. "Chunguza miguu" sio sawa na "chukua historia kisha mshauri". Ukiingia mtu mzima unamwamkia, shikamoo mama, shikamoo babu, alafu jina lako, wewe ni nani, unaulizia jina lake na umri, unaomba ruhusa kwa maneno yanayoeleweka: "Mama naomba nikuangalie miguu yote miwili, nitaigusa, ukisikia maumivu popote uniambie." Kama ni bibi kavaa kitenge muombe mpandishe mpaka magotini, usimvute nguo mwenyewe. Nawa mikono. Viatu na soksi vitoke VYOTE, miguu yote miwili, hata kama analalamikia mmoja.

Kama historia inatakiwa usimuulize mzee wa Newala kuhusu nyuropathi (mishipa ya fahamu kuharibika). Muulize miguu inakufa ganzi? inawaka moto usiku? unahisi kama wadudu wanatembea? ndala imewahi kukuvuka njiani bila wewe kujua? Hilo la ndala ni zuri sana, mtu anayesema alifika nyumbani na ndala moja ameshakueleza mengi. Alafu lazima uulize kama amewahi kupata kidonda mguuni kilichochelewa kupona au kukatwa kidole, maana jibu hilo likiambatana na ganzi au shida ya mapigo linampandisha daraja la juu kabisa la hatari. Uliza kisukari amekaa nacho muda gani, sigara, presha, figo, na shughuli zake, kama yuko shambani msimu wa korosho au anavua, anavaa nini mguuni akiwa kazini.

Na panya. Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari wa hapahapa Tanzania walioumwa na panya miguuni usiku wakiwa wamelala, wanagundua asubuhi. Waswahili tunasema panya anauma huku anapuliza, kwa mwenye ganzi hata asipopuliza hasikii. Kwahiyo uliza nyumbani panya wapo, neti anaichomeka chini ya godoro au inaning'inia.

Kuangalia kunaanzia kwenye kiatu. Chukua ile katambuga au yeboyebo, igeuze, ingiza mkono ndani upapase, kuna misumari inatokeza, kuna mchanga, kuna upande umelika kuliko mwingine. Wachache sana wanafanya hivi. Kisha mguu: kucha, magaga kisiginoni, sugu kwenye unyayo (sugu ni mahali panapobeba uzito kupita kiasi, chini yake kidonda kinaweza kuwa kimeshaanza), vidole vilivyokunjika, kidole gumba kilicholala upande, na katikati ya vidole kimoja kimoja, hapo ndo fangasi na michubuko inajificha. Kwa ngozi yetu nyeusi usisubiri kuona wekundu, utaona ngozi imeiva zaidi, inang'aa au imevimba, kwahiyo tumia mgongo wa mkono kulinganisha joto mguu na mguu. Mguu mmoja ukiwa wa moto, umevimba, na mwenyewe anasema hauumi kihivyo, taja kwa sauti kwamba unafikiria mguu wa Charcot (mifupa na viungo vya mguu wenye ganzi vinaharibika bila mwenyewe kujua), asiukanyagie mpaka uthibitishe vinginevyo. Maambukizi na damu kuganda kwenye mshipa navyo vitaje.

Mapigo ya damu. Yapo mawili na unatafuta yote mawili miguu yote miwili. La juu ya mguu, dosalisi pedisi, mwambie mgonjwa ainue kidole gumba juu, ile kano yake itatokeza, weka vidole vyako viwili au vitatu pembeni yake kidogo upande wa kidole kidogo. La pili liko nyuma na chini ya kifundo cha ndani, kati ya kifundo na kisigino. Gusa taratibu, ukikandamiza unaliziba au unasikia la kwako mwenyewe, na usitumie dole gumba lako. Kuna watu wazima wa afya ambao la juu halipatikani kabisa, ndo maana haukimbilii kusema damu haifiki kabla hujatafuta la pili. Kama mashine ipo na wameomba kipimo cha uwiano, presha ya kifundoni unaigawa kwa ya mkononi, chini ya 0.9 kuna shida ya mishipa, na ikizidi 1.3 usishangilie, mara nyingi mishipa ya mwenye kisukari imekakamaa kwahiyo namba inadanganya.

Sasa ganzi, hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo maksi nyingi zinamwagika. Monofilamenti ya gramu 10 ni ule uzi mgumu wa nailoni. Kwanza mguse nao mkononi ili ajue anategemea kusikia nini, alafu afumbe macho. Sehemu ni tatu kila unyayo, chini ya kidole gumba, chini ya fundo la kwanza na chini ya fundo la tano, yaani pale vidole vinapoanzia. Ushike wima, sukuma mpaka uzi upinde, kaa kama sekunde mbili, toa. Usiburuze. Usiweke juu ya sugu wala kidonda wala kovu, sogea pembeni. Kila sehemu unauliza mara tatu ila moja kati ya hizo tatu ni ya uongo, unauliza bila kumgusa, na akijibu sahihi mbili kati ya tatu sehemu hiyo iko sawa.

Hiyo ya uongo watu wanairuka na kwa wagonjwa wetu ndo muhimu kuliko zote. Mzee wa kimakonde ambaye umemwamkia vizuri hataki kukuaibisha, ukimuuliza "unasikia?" atasema ndio, nasikia mwanangu, hata kama mguu mzima umekufa ganzi, anasema ndio kwa heshima. Ukiuliza bila kumgusa akasema ndio, unajua majibu yake ya nyuma hayaaminiki, unamweleza upya kwa upole kwamba hakuna jibu baya, unaanza tena. Na muulize pia ni mguu gani, kulia au kushoto. Msahihishaji akiona hivyo anajua huyu ameshawahi kukaa na wagonjwa.

Tyuningi foki ya 128 Hz (ule uma wa chuma unaotetema ukiugonga) inafuata, iweke kwanza kwenye kifundo cha mkono aujue mtetemo, kisha juu ya mfupa wa mwisho wa kidole gumba cha mguu, na hapa pia moja ya uongo wakati haitetemi. Kama vifaa hivyo hakuna, na zahanati nyingi za vijijini utajikuta huna, kuna njia iliyotoka Ipswich kule Uingereza, unagusa ncha za kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano kwa ncha ya kidole chako sekunde moja hadi mbili, miguu yote, jumla sita. Usipige wala kubonyeza. Asiposikia viwili au zaidi, ana ganzi. Haihitaji kununua kitu.

Ukikuta kidonda usiseme tu kidonda kichafu. Taja kilipo, upana kwa sentimita, kina, kingo, sakafu yake, usaha, harufu, ngozi inayokizunguka, na kama kifaa kikiingizwa kinagusa mfupa. Kukiwa na homa, weusi, usaha au uvimbe unaopanda, huyo anapelekwa leo.

Mwisho unampa daraja, na uliseme kwa sauti. Sifuri hana ganzi wala shida ya mapigo, anaangaliwa tena baada ya mwaka. Moja ana kimojawapo, miezi 6 mpaka 12. Mbili ana vyote viwili, au kimoja pamoja na ulemavu wa mguu, miezi 3 mpaka 6. Tatu ana ganzi au shida ya mapigo, pamoja na kimojawapo cha hivi: alishawahi kuwa na kidonda, alishawahi kukatwa, au figo zimefika mwisho, huyo kila mwezi 1 mpaka 3.

Ushauri uwe wa maisha yake: asitembee peku hata ndani, asikanyage mchanga wa ufukweni saa saba mchana, asiloweke miguu kwenye maji ya moto na chumvi, asikate sugu kwa wembe, akaushe katikati ya vidole, mafuta apake unyayoni ila sio katikati ya vidole, akung'ute viatu kabla ya kuvaa, na kila jioni aangalie nyayo, kama macho hayaoni vizuri mjukuu amuangalizie. Alafu muombe akurudishie kwa maneno yake. Usimsomee yote, chagua matatu yanayomhusu.

Mazoezi yenyewe fanyeni watatu watatu hosteli, mmoja mgonjwa, mmoja ana cheklisti na simu ya kupima dakika, mmoja mtahiniwa, mnazunguka. Wekeni kalamu pale mapigo yalipo kila mtu kwa mwenzake, shika miguu mizima mingi kwanza ndo ya mgonjwa itakushtua. Mkiwa rotesheni, iwe Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, ulizieni siku ya kliniki ya kisukari, muombeni mkuu wa zamu, muwahi mapema mkasaidie kuvua viatu na kuangalia kabla daktari hajafika. Likizo ukirudi nyumbani waangalie wazazi na babu zako, wengi hawajawahi kuangaliwa nyayo na mtu.

Na kengele ikikukuta hujamaliza, acha hayo mapigo ya mguu wa pili, sema daraja kwa ulichokipata na lini arudi, taja ulichobakiza, mshukuru mgonjwa, msogezee viatu vyake karibu, nawa mikono, toka.